Usugu wa dawa kwa bakteria wa tumboni: mbona watu hatufanani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtu wa maabara. Siku nzima naotesha wadudu, yaani bakteria, kwenye visahani, naweka vipande vidogo vyenye dawa juu yake halafu kesho yake naangalia nani kafa na nani bado anadunda. Nikisema hivyo kwenye harusi basi hata pilau silifaidi, ni maswali mwanzo mwisho. Nimeamua kuyaandika hapa yale yanayorudi sana, hasa lile la kwa nini dawa inayofanya kazi kwa wengine huku kwetu inagoma, na je Wazungu, Wachina, Wamasai, Wahadzabe, wote tumebeba wadudu sugu sawasawa? Hapana, hatujabeba sawa. Ila sababu kubwa siyo ile ambayo wengi mnaidhani.

Mwili wangu umeshazoea amoksilini, si ndo usugu huo?

Mwili wako haujazoea chochote jamani. Anayekuwa sugu ni bakteria, wewe ni nyumba tu aliyopanga. Ndo maana mtu anaweza asiwe amemeza antibayotiki miaka na miaka na bado akapata UTI isiyosikia septrini, kwa sababu yule mdudu kamfikia akiwa tayari sugu, katokea kwa mtu mwingine au kwenye maji au kwa kuku. Hili likikaa kichwani mengine yote ya hapa chini hayatakusumbua.

Hao bakteria wa tumboni wako wangapi na humo wanafanya nini?

Makadirio yanayotumika sana saivi ni kama trilioni 38 kwa mtu mzima, karibu wote wako utumbo mpana. Wengi hawana ubaya, wanamalizia makapi ya chakula yaliyotushinda sisi, wanatengeneza vitamini K, wanawabana wadudu wabaya wasipate pa kukaa. E. coli tunayemtaja kila siku ni wachache sana humo, kwa kawaida hawafiki hata asilimia 1, ila anaota upesi maabara na ndiye anayependa kutoroka kutoka kwenye haja kubwa kwenda njia ya mkojo, kwa hiyo jina lake limekuwa kubwa kuliko idadi yake.

Usugu wenyewe unatokeaje?

Njia ziko kadhaa. Kuna bakteria anatengeneza kimeng'enya kinachoikatakata dawa kabla haijamdhuru, hiyo ndo hadithi ya penisilini na ndugu zake. Kuna mwenye pampu, dawa ikiingia anaitapika nje. Kuna anayebadilisha kile kitu ambacho dawa ilikuja kukishika, dawa inafika inakuta kitasa kimebadilishwa. Maelekezo ya kufanya hivyo yameandikwa kwenye jeni, na jeni nyingi za namna hii zimekaa kwenye viduara vya DNA vinavyoitwa plasmidi, ambavyo bakteria anaweza kumpa jirani yake wakiwa wamegusana tu.

Hapo kwenye kugawiana ndo kasheshe. Fikiria chumba cha mtihani, mmoja anapitisha kikaratasi cha majibu, anayepokea anakinakili chake halafu anapitisha tena, na siyo lazima wawe shule moja. E. coli anampa Klebsiella, bakteria mwingine wa tumboni, wa ng'ombe anampa wa binadamu. Ndo maana kumwangalia mdudu mmoja mmoja haitoshi, inabidi uangalie jeni zinazozunguka kwenye jamii nzima.

Mnawezaje kujua tumbo la nchi nzima? Mnapima choo cha kila mtu?

Zamani ilikuwa ni kuotesha E. coli kutoka kwenye vinyesi vya watu kadhaa na kuwajaribia dawa. Bado tunafanya hivyo, ni rahisi na haina gharama kubwa. Kwa miaka kama kumi na tano hivi kumekuja njia nyingine, unachukua choo cha mtu unasoma DNA yote iliyomo kwa mpigo, hata ya wale bakteria wasioota maabara, kisha kompyuta inachambua zipi ni jeni za usugu.

Njia ya tatu ndo naipenda kuliko zote, maji taka. Badala ya kumfuata kila mtu na kikopo unachota bomba kuu la mji na hapo umepata choo cha maelfu ya watu bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa maji taka ya sehemu 79 kwenye nchi 60, na ramani iligawanyika wazi kabisa: Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Oceania upande mmoja, jeni chache, halafu Afrika, Asia na Amerika ya Kusini upande wa pili, jeni nyingi zaidi na mpangilio wake tofauti. Kitu kilichowashangaza watu ni kwamba kiasi cha antibayotiki zinazotumika kwenye nchi kilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Vilivyoeleza zaidi ni hali ya uchumi, afya na mazingira, yaani mambo ya vyoo na maji na vitu kama hivyo.

Kwa hiyo dawa tunazomeza hazina uhusiano?

Zina uhusiano, tena mkubwa, msinielewe vibaya. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha vinyesi 252 vya watu wa Denmark, Hispania na Marekani. Wahispania walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa usugu tumboni, wa Denmark walikuwa chini, na hiyo inaendana na jinsi nchi zenyewe zinavyotumia dawa, Denmark ni wabahili sana. Halafu waliona jambo lingine, dawa ambazo ziko sokoni siku nyingi na zile zinazoruhusiwa pia kwa mifugo ndo zilikuwa na jeni nyingi za kuzipinga. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa watu 162 wa China, Denmark na Hispania ukakuta Wachina wanaongoza. Kwa wote watatu jeni zilizojaa kuliko nyingine ni za kuipinga tetrasaiklini, dawa ambayo imekuwepo tangu miaka ya mwisho ya 1940, imemezwa na watu, imechomwa ng'ombe, imechanganywa kwenye chakula cha nguruwe na kuku.

Kuna na utafiti mwingine, huu wa sampuli zaidi ya 3000 za watu wazima wenye afya ambao wakati wanapimwa hawakuwa kwenye dozi yoyote. Hata hao, wale wanaotoka nchi zinazotumia sana antibayotiki walikuwa na jeni nyingi zaidi. Yaani jirani yako akimeza hovyo na wewe unachangia kulipa.

Sasa ukiziweka hizi tafiti pamoja inakuwa hivi: dawa ndo inamchagua mdudu sugu abaki, lakini mazingira ndo yanaamua atasambaa hadi wapi. Nchi tajiri kadhaa kila mtu anameza antibayotiki nyingi kuliko Mwafrika wa kawaida, lakini mdudu sugu akitoka chooni anaingia kwenye bomba, bomba linakwenda kwenye mtambo, safari yake mara nyingi inaishia hapo. Huku kwetu mvua moja ikinyesha kilichokuwa shimoni kwa jirani kiko kwenye kisima chako.

Wahadzabe hawana duka la dawa, matumbo yao si yatakuwa safi kabisa?

Swali zuri na hata wanasayansi wenyewe walidhani hivyo. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, wale ambao bado wanawinda na kuchimba mizizi na kurina asali, walichunguzwa na matokeo ya jeni zao za tumboni yalitoka 2015. Jeni za usugu zilikuwepo. Siyo mpangilio uleule wa watu wa mjini ila zilikuwepo.

Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya Wayanomami wa milimani Venezuela, kijiji ambacho watu wa nje walikifikia kwa mara ya kwanza 2009, wakapima watu 34 kati ya 54 wa kijiji. Hawa inasemekana walikuwa na aina nyingi za bakteria kuliko kundi lolote lililokuwa limepimwa hadi wakati huo. Bakteria wao walipooteshwa maabara dawa ziliwaua vizuri tu. Lakini DNA yao ilipochukuliwa na kupandikizwa kwa bakteria mwingine wa maabara, baadhi ya vipande vikampa usugu, hadi kwa dawa ambazo zimetengenezwa na binadamu kiwandani na haziko porini. Yaani jeni zilikuwepo zimelala.

Na siyo jambo jipya. Tangu 1968 na 1969 kulisharipotiwa plasmidi za usugu kwa Wasani wa Kalahari na kwa watu wa visiwa vya Solomon ambao antibayotiki zilikuwa hazijawafikia.

Zimetoka wapi sasa kama dawa hazijafika?

Kwenye udongo. Antibayotiki nyingi hatukuzibuni sisi, tumeziiba. Penisilini aliyoiona mwanasayansi Fleming mwaka 1928 ni ya ukungu, streptomaisini na tetrasaiklini ni za bakteria wa udongoni wanaozitumia wao kwa wao. Sasa penye silaha pana ngao, vita hiyo ni ya mamilioni ya miaka. Kwenye udongo ulioganda huko Yukon, Kanada, watu walichimba DNA ya miaka 30,000 wakakuta jeni za kupinga penisilini, tetrasaiklini na hata vankomaisini.

Kwa hiyo mtu asikwambie usugu uliletwa na mahospitali. Tulichofanya sisi ni kumwagia mbolea kitu ambacho kilikuwa kinaota chenyewe taratibu. Mhadzabe ana jeni chache zilizotulia kwenye bakteria ambao wala hawasumbui, mtu wa mjini ana zile zilizopanda plasmidi zikafika kwa E. coli na Klebsiella, mara nyingi tano sita kwenye plasmidi moja, ukimeza dawa moja umezitunza zote. Sasa kati ya hao wawili nani akiugua atapata shida? Hapo kwenye tofauti hiyo ndo pa kuangalia, siyo swali la zipo au hazipo.

Wamasai wanachoma ng'ombe sindano wenyewe bila daktari, si ndo watakuwa wanaongoza kwa usugu?

Hili naulizwa karibu kila wiki na mara nyingi mtu anauliza akiwa ameshajijibu. Bahati nzuri limefanyiwa kazi hapahapa kaskazini mwa Tanzania, kwa Wamasai, Waarusha na Wachaga, matokeo yakatoka 2020. Kaya 425. Wakachukua wadudu kwa watu, ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa, wanyama pori na maji, jumla wakapima bakteria 62,376, mimi nikisoma namba hiyo mgongo unaniuma nikikumbuka kazi ya kuhesabu visahani.

Walikuta nini? Aina za usugu zinafanana kote, kwa mtu, kwa mbuzi, kwa mbwa, kwenye maji. Wakasoma DNA ya E. coli 816 kutafuta kama kuna wa watu peke yao na wa ng'ombe peke yao, hamna, wamechanganyikana. Na walipochambua kitaalamu hawakuona ushahidi kwamba kaya inayotumia dawa nyingi za mifugo ndo yenye wadudu sugu zaidi. Kilichohusiana kwa nguvu ni mambo ya maisha yanayorahisisha mdudu kupita kutoka huku kwenda kule.

Ukiwahi kukaa boma utaelewa haraka. Lambo ni moja, ng'ombe wananywa humo na wanajisaidia humo, maji ya nyumbani yanachotwa humo, maziwa yananyweka yakiwa hayajachemshwa, ndama wa siku mbili analala ndani na watoto. Mchaga wa mgombani yeye anafungia ng'ombe wawili watatu bandani na analipia bomba. Ukimwambia Mmasai aache oksitetra, ile sindano ya ng'ombe ya kundi la tetrasaiklini, bila kumpa maji hujafanya kitu, na hiyo siyo mimi naropoka, hata watafiti wenyewe walimalizia kwa kusema mpango wowote uendane na mila na uwezo wa watu.

Haimaanishi oksitetra ni pipi. Kuchoma dawa kwa kukisia, halafu kesho yake maziwa yanauzwa, hiyo bado ni shida. Ila kubebesha kabila moja lawama zote, data hazikubali.

Na mjini je?

Nairobi walifanya kitu kinachofanana, kaya 99 za mitaa ya matajiri na ya maskini, E. coli 1,338 kutoka kwa watu, mifugo na wanyama pori wa mjini kama panya na ndege, wakasoma DNA zote. Waligundua kuishi nyumba moja kuna uzito, watu na mifugo ya kaya moja wanashirikiana wadudu na jeni kuliko na wa nyumba ya mbali. Kwa hiyo kuku wa uani ni ndugu yako wa tumbo, pole.

Nchi inaweza kupunguza usugu au ukishaingia umeingia?

Inaweza, na mfano wangu ni China. Kuna dawa inaitwa kolistini, ya zamani, inaumiza figo, kwa hiyo kwa binadamu ilikuwa imewekwa pembeni mpaka wadudu sugu walipozidi ikawa imerudi kama dawa ya mwisho kabisa. Wakati huo China walikuwa wanaichanganya kwenye chakula cha nguruwe ili wanenepe, maelfu ya tani kila mwaka. Novemba 2015 watafiti wa huko wakatangaza wameona jeni ya kuipinga iliyokaa kwenye plasmidi, wakaiita mcr-1, na ndani ya miezi michache kila nchi iliyofungua friji yake ya maabara ikaikuta. Serikali ya China ikapiga marufuku kolistini kwenye chakula cha kunenepeshea mifugo mwaka 2017. Watu waliobeba E. coli sugu kwa kolistini tumboni walikuwa asilimia 14.3 mwaka 2016, ilipofika 2019 wakawa asilimia 6.3. Miaka mitatu tu. Walichofunga ni bomba la dawa kwa nguruwe.

Ulaya walishaanza kitambo, Denmark walizuia moja ya dawa hizo za kunenepesha 1995, na Umoja wa Ulaya wote ukafunga kabisa mwaka 2006.

Nikisafiri narudi na wadudu wa huko?

Ndiyo, na ushahidi wake ni wa kutisha kidogo. Waholanzi walifuatilia wasafiri 2001, wakawapima choo kabla hawajaondoka na baada ya kurudi. Kati ya wale walioondoka hawana, asilimia 34.3 walirudi na bakteria wenye ESBL, yaani vile vimeng'enya vinavyovunja dawa za kundi la seftriaksoni. Waliokwenda Asia ya Kusini ilikuwa asilimia 75.1, yaani watatu kati ya wanne. Waliougua kuhara njiani na waliotumia antibayotiki wakiwa safarini ndo walikuwa kwenye hatari zaidi. Wengi walisafika wenyewe, nusu ndani ya siku 30 hivi, ila asilimia 11.3 walikuwa bado nao baada ya mwaka mzima, na kulikuwa na uwezekano wa asilimia 12 wa kumwambukiza mtu wa nyumbani.

Wanafunzi 35 wa Uswidi waliokwenda bara Hindi au Afrika ya Kati nao walipimwa, walirudi na ongezeko la jeni za kupinga trimetoprimu karibu mara 8. Trimetoprimu ni moja ya dawa mbili zilizomo kwenye septrini. Hawakumeza dawa yoyote huko, walikula na kunywa tu kama wenyeji.

Baba anaenda India kutibiwa moyo, hilo linamhusu?

Linamhusu na wengi wetu tuna ndugu wa hivyo. Asighairi safari, moyo kwanza. Lakini akirudi na akalazwa huku baada ya muda mfupi, mwambieni daktari wazi kwamba mgonjwa alilazwa nje ya nchi, maana antibayotiki ya kuanza nayo inaweza kubadilika. Jeni ya NDM inayopinga hata zile dawa nzito za kundi la meropenemu iligunduliwa kwanza kwa mgonjwa wa Uswidi aliyekuwa amelazwa India, mwaka 2008. Vivyo hivyo kwa aliyelazwa muda mrefu hapahapa nyumbani, wodi haina paspoti.

Mtoto mchanga anazaliwa msafi?

Anazaliwa karibu msafi lakini haichukui hata siku. Halafu kuna jambo la ajabu, watoto wachanga huwa wana jeni za usugu nyingi kuliko mama zao, hata wasipopewa dawa, kwa sababu tumbo changa linajaa E. coli na jamaa zake na hao ndo wabebaji wakubwa. Maziwa ya mama yana sukari ambazo bifidobakteria wanazipenda, hao wakistawi wanamsukuma E. coli pembeni na jeni zinapungua. Utafiti uliotoka 2018 ulionyesha walionyonya miezi sita na zaidi wana mzigo mdogo kuliko walioachishwa mapema. Mama mkwe wangu alivyosikia hivi alisema yeye alishajua.

Nilisikia watoto wa Kilosa walipewa antibayotiki bila kuumwa, ni kweli?

Ni kweli na siyo njama. Ulikuwa utafiti mkubwa wa nchi tatu, Niger, Malawi na Tanzania, huku kwetu ulikuwa Kilosa, Morogoro. Watoto wa mwezi 1 hadi 59, jumla yao zaidi ya 190,000, vijiji vingine vikapewa azithromaisini dozi moja kila miezi sita, vingine dawa isiyo na kitu. Matokeo yalitoka 2018: kwenye vijiji vya dawa vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 13.5 kwa jumla, na sehemu kubwa ya faida ilikuwa Niger, asilimia 18.1, huku Malawi na Tanzania ilikuwa kidogo.

Sasa upande wa pili. Niger walipopima vinyesi vya watoto baada ya miaka kadhaa ya kugawa, jeni za kupinga kundi hilo la dawa zilikuwa zimepanda zaidi ya mara 7 ukilinganisha na vijiji vingine. Hapo utaamuaje? Mtoto aliye hai leo na usugu wa kesho. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 halikuruhusu igawiwe kila mahali, lilisema ifikiriwe tu pale ambapo vifo vya watoto viko juu sana, na kwa watoto wa mwezi 1 hadi 11. Mimi binafsi naona ni uamuzi wa busara, japo nina rafiki daktari wa watoto tumebishana hadi chai ikapoa, yeye anasema usugu hauna kaburi la mtoto unaloweza kulionyesha.

Nikimaliza dozi kila mara si nitakuwa salama?

Meza kama ulivyoandikiwa, sibishani na hilo. Lakini kuna watu wanadhani dozi iliyokamilika haileti usugu kabisa, siyo kweli. Kila kidonge kinapita kwa hao trilioni 38 ambao hawana kosa. Kuna utafiti wa Uswidi, watu walipewa klindamaisini siku 7 tu na mabadiliko ya bakteria na jeni za usugu yalionekana hadi miaka miwili baadaye. Kwa hiyo dozi inayotunza tumbo lako kuliko zote ni ile ambayo hukuihitaji na hukuimeza. Mafua hayasikii amoksilini, kikohozi cha virusi nacho hivyohivyo, na kapsuli ya rangi mbili uliyobakiza kabatini tangu mwaka jana siyo hazina.

Nikibeba hao wadudu sugu ndo naumwa?

Hapana, unatembea nao tu. Duniani waliobeba E. coli wa ESBL bila kuumwa walikuwa kama asilimia 2.6 kwenye tafiti za 2003 hadi 2005, zikafika asilimia 21.1 kwenye za 2015 hadi 2018, na wengi wao hawajui na hawatajua. Shida inakuja siku mdudu akihama, akaingia kwenye mkojo, kwenye kidonda cha upasuaji, kwenye damu ya mtoto njiti. Hapo ndo unasikia dawa zote zimegoma.

Maziwa mtindi yanaondoa usugu? Vipi kitunguu saumu?

Mtindi ni mtamu. Kuondoa jeni za usugu tumboni hamna aliyethibitisha mpaka saivi, na wanaouza vidonge vya bakteria wazuri kwa bei ile waulizwe maswali zaidi. Kitunguu saumu weka kwenye mboga.

Naweza kuja kupimwa choo nijue nina jeni gani?

Kwa mtu mzima asiyeumwa hatufanyi na wala haina maana, kwa sababu hamna tiba ya kuwaondoa na matokeo ya leo siyo ya mwezi ujao. Kipimo cha kudai ni kingine: ukiwa na UTI inayorudirudi, kabla hujabadilishiwa dawa ya tatu, omba mkojo uoteshwe. Inachukua siku mbili tatu, najua ni kero, lakini karatasi ile inakuonyesha dawa ipi inamuua mdudu wako wewe siyo wa jirani.

Dada, sasa nisile kuku?

Hili aliniuliza bodaboda mmoja katikati ya barabara, akageuka kabisa kuniangalia, nikamwambia kaka angalia mbele kwanza. Kula. Bakteria sugu anakufa kwa moto kama mwenzake asiye sugu, usugu wake ni kwa dawa siyo kwa sufuria. Kuku wa kukaanga aliyeiva hadi kwenye mfupa hana neno, wa kisasa wala wa kienyeji. Mimi kinachonitisha ni kile kibao alichokatiwa akiwa mbichi, kikafutwa na kitambaa, halafu hapohapo ikakatwa kachumbari.